Kiingereza cha Angani Si Kile cha Darasani

Juma lililopita alinijia nyumbani mpwa wangu, kijana wa dada yangu, akiwa amenuna. Kijana huyu amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na ameitwa kujiunga na mafunzo ya uongozaji wa ndege. Jambo la kushukuru, bila shaka. Kilichomnunisha ni barua aliyopewa. Barua ilimweleza kwamba pamoja na masomo ya hali ya hewa, rada na sheria za anga, atapimwa Kiingereza. Na kwamba hata akifaulu kwa kiwango kinachotakiwa, baada ya miaka mitatu atapimwa tena.

"Mjomba," akaniambia, "hii si dharau? Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi. Kidato cha nne nilipata A. Leo wanirudishe darasani kama mtoto?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku chache nitafute. Nimetafuta, na niliyoyapata nimeona si ya mpwa wangu peke yake, ni ya kila mmoja wetu anayepanda ndege au anayempeleka nduguye uwanjani na kumpungia mkono.

Lakini kabla sijafika angani, niruhusuni niwasimulie kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, mtu aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu na kukipenda sana. Aliniandikia barua kwa Kiswahili safi: "Nitafika saa tatu, naomba unipokee." Siku ilipofika nilitoka nyumbani jioni, nikafika uwanjani saa tatu usiku, nimevaa vizuri, sina wasiwasi. Nikamkuta mgeni wangu amekaa juu ya sanduku lake, macho mekundu. Alikuwa pale tangu saa tisa alasiri. Kwake yeye saa tatu ilikuwa ile ya mishale ya saa ya Kizungu. Kwangu ilikuwa saa tatu yetu. Amenisubiri saa sita nzima.

Nani alikosea? Yeye alisema Kiswahili, nami nilisoma Kiswahili. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na haki masikioni mwake mwenyewe. Kosa letu lilikuwa moja tu: hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Saa tatu ipi?" Sisi tulicheka, tukaenda kula. Hasara ilikuwa wali kupoa. Wengine hawakupata nafasi ya kucheka.

Sasa tuingie katika historia. Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inaendelea, wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Chicago, Marekani, kupanga jinsi ndege za abiria zitakavyovuka mipaka vita vikiisha. Tarehe 7 Desemba mwaka huo, nchi 52 zilitia saini mkataba ambao ndio mama wa sheria za anga hadi leo. Sisi wa Tanganyika, Kenya na Uganda hatukuwa na kiti pale. Waliotutawala ndio waliokaa. Kutokana na mkataba huo, mwaka 1947 likaanza rasmi Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake makuu Montreal, Canada.

Swali la lugha halikukwepeka. Rubani kutoka Brazil akifika juu ya Misri atasema nini, na nani atamwelewa? Mwaka 1951 ICAO ikapendekeza Kiingereza kitumike katika mawasiliano ya redio ya safari za kimataifa. Kiingereza hakikuchaguliwa kwa sababu ni lugha tamu au nyepesi. Wakati ule Marekani na Uingereza ndizo zilizokuwa na viwanda vikubwa vya ndege na nguvu nyingi angani, na mwenye jahazi ndiye anayepanga safari. Hata hivyo, kanuni haikufuta lugha nyingine. Kituo cha ardhini kinaweza kutumia lugha yake ya kawaida, ila rubani wa safari ya kimataifa akiomba Kiingereza, lazima apatiwe.

Wakubwa hao waligundua mapema kwamba Kiingereza chenyewe, jinsi kilivyo, hakifai kupelekwa redioni. Herufi zake nyingi zinafanana mlio: B, D, E, P, T, zote zinaishia "ii". Kwa hiyo yakatafutwa maneno ya kuzisimamia, yakajaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, na mwaka 1956 ikaanza kutumika orodha tunayoisikia hata leo katika filamu: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Tazameni Alfa: imeandikwa kwa F, si kwa PH kama Waingereza wanavyoandika, ili asiyejua Kiingereza asikosee kuisoma. Na Juliett ikaongezewa T ya pili mwishoni, maana Mfaransa akiona T moja mwishoni mwa neno huinyamazisha. Tarakimu nazo zikarekebishwa. Tisa haiitwi "nine", inaitwa "niner", isije ikachanganywa na "five". Tatu inatamkwa "tree", na tano "fife". Mwalimu wetu wa Kiingereza wa shule ya msingi angetuchapa kwa matamshi hayo. Angani ndiyo sahihi.

Kwa hiyo tangu mwanzo lugha hii haikuwa Kiingereza cha Waingereza. Ilikuwa chombo kilichochongwa kwa kazi maalumu. Lakini chombo huhitaji mafunzo, na ulimwengu ulichelewa sana kulitambua hilo. Kila hatua ya kutambua ililipiwa kwa roho za watu.

Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb katika iliyokuwa Yugoslavia, ndege mbili za abiria ziligongana hewani, watu wote 176 wakafa. Moja ilikuwa ya British Airways, nyingine ya shirika la Inex-Adria la nchi hiyohiyo. Mwongoza ndege, aliyekuwa amezidiwa na kazi, alipogundua hatari, dakika yenyewe ya mwisho, aliacha Kiingereza akazungumza na marubani wa nchi yake kwa lugha yao ya nyumbani. Ni jambo la kibinadamu. Mtu akishtuka hulia kwa lugha ya mama yake. Aliwaambia wabaki kwenye kimo walichofikia. Kimo hicho, kwa bahati mbaya kabisa, ndicho kilichokuwa cha ndege ya Uingereza. Na marubani Waingereza, hata kama walisikia sauti ile redioni, hawakuweza kujua kwamba maneno hayo yanawahusu. Redio ya ndege ni kama baraza: anayesema na mmoja anasikiwa na wote, na kusikia huko ni ulinzi. Ukibadili lugha, baadhi ya waliopo barazani wamekuwa viziwi.

Miezi sita baadaye, tarehe 27 Machi 1977, ikatokea ajali ambayo mpaka leo haijapata mwenzake kwa idadi ya waliokufa katika historia ya usafiri wa ndege. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa cha Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwa jirani cha Tenerife. Ukungu ukashuka. Ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani, zilikuwa juu ya njia moja ya kurukia, haziwezi kuonana, na mnara hauzioni zote mbili.

Msaidizi wa rubani wa KLM akasema redioni maneno ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuyaweka hivi: "Sasa tuko kwenye kuruka." Hebu yapimeni maneno hayo, ndugu wasikilizaji. Mwongoza ndege Mhispania aliyaelewa kwamba ndege imesimama mahali pa kurukia, inangoja. Aliyeyasema alimaanisha kwamba tayari wanakimbia ili waruke. Wako wataalamu wa lugha walioeleza kwamba Kiholanzi husema kitendo kinachoendelea kwa muundo wa namna hiyo, kama sisi tunavyosema "tuko kwenye kula" tukiwa tumeshaanza kumega tonge. Mtu alisema Kiingereza, lakini mifupa ya sentensi ilikuwa ya nyumbani kwao.

Mwongoza ndege akajibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kuwa wasubiri, atawaita. Wakati huohuo rubani wa Pan American naye akasema kwamba wao bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana katika masafa yaleyale. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM ikasikika ile "OK", kisha mlio mkali. Mhandisi wa ndege hiyo akauliza, kwa Kiholanzi, kama yule Mmarekani ametoka njiani. Nahodha akajibu kwamba ndiyo, wakaendelea kukimbia. Watu 583 walikufa.

Baada ya Tenerife, neno "takeoff" likawekwa kufuli. Tangu hapo halitamkwi redioni ila pale tu ndege inaporuhusiwa kuruka, au ruhusa hiyo inapofutwa. Mahali pengine pote husemwa "departure". Na "OK" ikaacha kuwa jibu. Agizo la maana lazima lirudiwe neno kwa neno na aliyelipokea, na aliyelitoa asikilize kama limerudiwa sawasawa.

Mtu anaweza kudhani maneno yakishapangwa hivyo, kazi imekwisha. La hasha. Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca ya Colombia, Boeing 707, ilikuwa inakwenda New York katika hali mbaya ya hewa. Ilizungushwa angani ikisubiri kwa jumla ya saa moja na dakika 17. Mafuta yakawa yanakwisha. Msaidizi wa rubani, aliyekuwa akishughulikia redio, aliomba "priority", yaani kipaumbele, akasema pia kwamba mafuta yanakwisha. Hakutamka neno "emergency", wala "mayday". Kwa masikio ya waongoza ndege wa New York, kila ndege usiku ule ilikuwa na haraka na kila moja ilikuwa na mafuta machache. Baada ya kushindwa kutua mara ya kwanza, waliambiwa wazunguke tena, wakaulizwa kama hilo linawafaa pamoja na mafuta yao. Jibu lilikuwa la adabu: nadhani hivyo, asante sana. Dakika chache baadaye injini zilizimika, ndege ikaangukia Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walifariki.

Nilipofika hapo katika kusoma, niliweka karatasi chini. Maana nilitusikia sisi wenyewe. Mswahili ukimuuliza "Habari za nyumbani?" atakujibu "Nzuri." Ukiendelea, "Watoto hawajambo?" atasema "Hawajambo, ila mdogo tumemzika jana." Kwetu heri hutangulia, msiba hufuata nyuma taratibu, na huo ni ustaarabu ambao sitaki upotee. Lakini angani ustaarabu huo unaua. Angani msiba hutangulia. Neno "mayday", ambalo lilitokana na Kifaransa kwa maana ya nisaidieni, husemwa mara tatu mfululizo kabla ya jambo jingine lolote, ili kila mtu mwingine anyamaze. Hilo halimo katika vitabu vya sarufi. Ni la kufundishwa na kuzoezwa mpaka ulimi ulikubali.

Sasa nakuja kwenye jambo lililomfanya mpwa wangu anyanyue kichwa. Nilimuuliza, "Je, Mwingereza mwenyewe yuko salama kwa sababu Kiingereza ni chake?" Akasema bila shaka. Nikamwambia, sikiliza lililotokea hapa jirani. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakaribia kutua Nairobi. Iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani, Waingereza, wakaelewa futi 5,000. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani kimo walichokuwa wanakishukia kilikuwa chini ya udongo! Walipotoka mawinguni wakaona ardhi imewajia, wakainyanyua ndege ikiwa imebakiza futi zipatazo 70 tu. Walinusurika.

Wengine hawakunusurika. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger ya Marekani ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Mwongoza ndege aliwaambia washuke "two four zero zero", maana yake futi 2,400. Sasa kwa Kiingereza, "two" ya namba mbili na "to" ya kuelekea hutamkwa sawa. Marubani wakasikia: shukeni hadi "four zero zero", futi 400. Wakarudia hivyo, na hakuna aliyewasahihisha. Ndege ikagonga kilima, wote wanne waliokuwamo wakafa. Hao walinyonya Kiingereza kwa mama zao. Kiingereza kiliwatega kwa sababu walikizoea, na mtu husikia anachotarajia kusikia.

Lililouamsha ulimwengu kabisa ni la tarehe 12 Novemba 1996, huko Charkhi Dadri, karibu na Delhi, India. Ndege ya Saudia iliyokuwa inapanda iligongana na ndege ya Kazakhstan iliyokuwa inashuka. Watu 349 walikufa, na hakuna ajali nyingine ya kugongana hewani iliyoua wengi kiasi hicho. Ndege ya Kazakhstan iliagizwa ibaki futi 15,000, lakini ikashuka chini ya hapo. Tume ya uchunguzi, pamoja na mambo mengine, ilitaja udhaifu wa marubani hao katika Kiingereza.

Mwaka 1998 Mkutano Mkuu wa ICAO ukapitisha azimio la kulishughulikia jambo hili. Mwaka 2003 zikatoka kanuni zenyewe: marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wapimwe, wapewe daraja kuanzia la kwanza hadi la sita, na asiyefika la nne asiruhusiwe kazi hiyo. Wanapimwa mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, kusikiliza na kuelewa, na namna ya kujibizana. Kanuni zilianza kutumika tarehe 5 Machi 2008, na nchi zilizochelewa zikapewa muda hadi Machi 2011. Mwenye daraja la nne hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu, wa daraja la tano kila baada ya miaka sita. Ndiyo ile barua iliyomnunisha mpwa wangu.

Tutazame basi upande wetu. Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lilianza mwaka 1946, likafa mwaka 1977, mwaka uleule wa Tenerife. Chuo cha usafiri wa anga cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1954, na chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, mwaka 1971. Wazee wetu waliopita humo waliongoza ndege za mataifa yote kwa sauti tulivu. Wao hawakuwa Waingereza, na hawakujifanya Waingereza.

Hili nalisisitiza kwa vijana. Kipimo hakimtaki mtu aongee puani kama mzaliwa wa London. Lafudhi ya nyumbani inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni lafudhi inayomzuia mwenzako kuelewa. Kila mmoja anajua mahali pake pagumu. Wako ndugu zetu ambao R na L kwao ni kitu kimoja, na tumewahi kucheka mtu anapotangaza kwamba anakwenda kupiga "kula". Redioni, "right" ikiwa "light", yaani kulia ikageuka taa, hakuna wa kucheka. Hilo hurekebishika kwa mazoezi, na si aibu kulifanyia mazoezi ukiwa na A yako mkononi.

Halafu kuna ile saa yetu. Usafiri wa anga duniani kote hutumia saa moja tu, ile ya kipimo cha ulimwengu, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo wakati mpwa wangu anapokunywa chai saa tatu asubuhi, saa ya ukutani kwa hesabu ya Kizungu inasema tisa, na saa ya kazini kwake itasema sita. Tatu, tisa, sita, zote kwa dakika ileile moja. Rubani Mwingereza hana mzigo huo wa hesabu tatu kichwani. Kijana wa Kiswahili anao, na afadhali aujue mapema kuliko kuugundua siku ya kazi.

Haya yote nilimweleza juzi, tumekaa barazani. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo Mjomba, wakinipima, wanapima nini hasa?" Nikamwambia: wanapima kama siku ile wingu limeshuka, umechoka, ndege sita zinakuita kwa mpigo, na sauti moja inatamka jambo ambalo halimo katika misemo uliyokariri, utalielewa, na kama hukulielewa, utakuwa na maneno na ujasiri wa kusema, "Rudia tena." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi ningeuliza swali moja tu, mgeni wangu asingekaa juu ya sanduku saa sita.

Akaikunja barua yake, akaitia mfukoni. Wakati wa kuondoka nilimwambia, "Basi kesho njoo saa tatu tule pamoja." Akageuka mlangoni, akaniuliza, "Saa tatu ya asubuhi au ya usiku, Mjomba?"

Nikajua ameshaanza masomo.